Vitamini ya kufungua mishipa ni dawa, basi iuzwe kama dawa

Mwezi wa Juni ukiingia, milima ya Mbooni, Makueni, hujitanda ukungu na baridi ya alfajiri huwafika watu mifupani. Huu ndio msimu ambao katika kemisti za Kikima, Tawa na Mbumbuni nasikia ombi lile lile mwaka baada ya mwaka. Mama mzee aliyejifunga leso juu ya sweta anaegemea kaunta na kusema, "Daktari, nipe ile ya kutembeza damu. Miguu imekufa ganzi." Kijana aliye upande wa pili humjibu kwa heshima, "Sawa, susu," yaani bibi, kisha hufungua mkebe, huhesabu vidonge, huvitia katika bahasha ndogo ya kaki na kuandika juu yake: moja mara tatu. Susu hulipa, hufunga bahasha katika pindo la leso, na kushika njia ya mteremko kurudi nyumbani.

Katika shughuli hiyo yote hakuna aliyeinama kuutazama mguu. Hakuna aliyeuliza kama ni mguu mmoja au yote miwili, kama susu ana sukari au presha, kama ni dawa gani nyingine anazomeza, wala kama kuna kidonda kidoleni. Mguu umeletwa kaunta ukiwa umefichwa ndani ya soksi mbili, na umerudishwa vivyo hivyo.

"Ile ya kutembeza damu" aghalabu huwa vitamini. Mara ni vidonge vya mchanganyiko wa vitamini B. Mara ni niasini peke yake, yaani vitamini B3, kwa kipimo kikubwa. Na katika nyumba zenye mtoto aliyeko Marekani au Ghuba, ni chupa iliyokuja ndani ya sanduku la nguo wakati wa Krismasi, yenye vidonge vya miligramu 500 na maandishi ya Kiingereza ambayo mnywaji hawezi kuyasoma. Kwa sababu ni vitamini, huwekwa kabatini karibu na majani ya chai, na jirani akilalamika kuhusu miguu hupimiwa naye vya wiki.

Nasema wazi: vitamini inayotumiwa kupanua mishipa ya damu ni dawa kamili. Haifai kuuzwa wala kugawanywa kama pipi, na haifai kumezwa kabla mguu wenyewe haujapimwa. Kufanya vinginevyo ni kuwahatarisha wazee wetu kwa jina la kuwasaidia.

Kutoka sahani ya isyo hadi kidonge cha gramu

Niasini ilikuwa lishe kabla haijawa dawa. Mwanamume mzima huhitaji takriban miligramu 16 kwa siku, mwanamke 14. Ikikosekana kwa muda mrefu mtu hupata pelagra: ngozi hukauka na kupasuka pale jua linapopiga, tumbo huhara, akili huvurugika, na asipotibiwa hufa. Joseph Goldberger, daktari wa serikali ya Marekani, alionyesha mwanzoni mwa karne iliyopita kwamba pelagra haiambukizwi bali hutokana na mlo duni. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem wa Chuo Kikuu cha Wisconsin akagundua kwamba asidi ya nikotiniki, ambayo ndiyo niasini, huponya ugonjwa wa namna hiyo kwa mbwa. Sisi Afrika ugonjwa huu hatukuusoma vitabuni tu. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipata pelagra, wagonjwa karibu 18,000, baada ya karanga kukosekana katika mgao wao uliokuwa wa mahindi.

Ukambani tunakula mahindi kila siku, lakini wazee wetu hawakuyala peke yake. Isyo ni mahindi na maharagwe, au kunde, au mbaazi, na jamii hiyo ya kunde humpa mtu kile ambacho mahindi humnyima. Muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, nao hupikwa na maharagwe. Isitoshe, tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inawataka wasagaji wa viwandani waongeze virutubisho katika unga wa mahindi, niasini ikiwa mojawapo. Unga wa posho wa pale sokoni hauna nyongeza hiyo, ni kweli, ila sahani ya isyo bado inatosha. Kwa hiyo susu anayekula vizuri na hatumii pombe kupita kiasi si rahisi awe na miguu baridi kwa kukosa niasini. Akipewa niasini, hapewi ili kuziba pengo la chakula. Anapewa ili ifanye kazi ya dawa, na kazi hiyo huanza pale kipimo kinapopita mbali kabisa na mahitaji ya mwili.

Hapa ndipo hesabu inapotisha. Ipo dawa iitwayo inositoli nikotineti, ambayo Uingereza iliuzwa kwa jina la Hexopal. Imeundwa kwa kuunganisha molekuli sita za niasini na moja ya inositoli, na ikiingia mwilini huiachia ile niasini polepole. Imetumiwa kwa watu ambao vidole vyao hugeuka vyeupe kwa baridi, hali iitwayo Raynaud, na kwa wale ambao misuli ya miguu huwauma wakitembea kwa sababu mishipa imekuwa myembamba. Kipimo chake cha kawaida ni gramu 3 kwa siku, zikigawanywa. Pima gramu 3 dhidi ya miligramu 16. Ni zaidi ya mara mia moja ya kile ambacho mwili huhitaji kutoka kwenye chakula. Ni nani angekula isyo sahani mia kwa siku moja akatarajia tumbo lisiseme kitu?

Na kuna mkanganyiko mwingine ambao wauzaji wengi hawausemi. Vidonge vingi vya vitamini B huwa na nikotinamidi, ndugu yake niasini. Hiyo hutibu pelagra sawasawa, lakini haipanui mishipa ya damu hata kidogo. Kwa hivyo kuna wazee wanaolipa kila mwezi kwa ajili ya "kutembeza damu" huku wakimeza kitu ambacho hakiwezi kuitembeza, na wengine wanaomeza kinachoweza, bila yeyote kujua ni yupi anameza nini. Bahasha ya kaki haiandikwi jina la dawa.

Joto la ngozi si damu ya kidole

Niasini ya kawaida ikimezwa kwa kipimo kikubwa, baada ya kama robo saa au nusu saa uso, shingo na kifua hupata joto la ghafla. Ngozi huwasha na kuchoma. Kwa mtu mweupe hugeuka nyekundu. Kwetu wekundu huenda usionekane, lakini joto linasikika barabara. Muuzaji husema, "Umeona? Damu imeanza kutembea." Na mgonjwa, ambaye kwa miezi hajasikia joto, huamini.

Joto hilo hutokana na kemikali ambazo seli za ngozi hutoa zinapokutana na niasini, na mishipa midogo ya ngozi ikafunguka. Ni ya ngozi, tena hasa ya sehemu ya juu ya mwili. Mshipa mkubwa ulioziba pajani au nyuma ya goti kwa mafuta na ugumu wa miaka mingi haufunguki kwa sababu shavu limepata moto. Kila mwenye bomba la maji linaloteremka kutoka kilimani anajua kwamba bomba likijaa tope kule juu, kuongeza mifereji nyumbani hakuleti maji. Mguu ulioziba juu una shida iyo hiyo.

Basi inositoli nikotineti imewasaidia watu kiasi gani? Mwezi Mei 2011 NICE, taasisi inayoishauri huduma ya afya ya taifa kule Uingereza, ilitoa uamuzi kuhusu dawa nne zinazotumiwa kwa maumivu ya miguu ya kutembea yanayotokana na mishipa kuziba. Ilipendekeza moja tu, naftidrofuryl. Tatu nyingine haikuzipendekeza kwa ugonjwa huo, na inositoli nikotineti ilikuwa miongoni mwazo. Ushahidi wake ulikuwa dhaifu mno.

Niasini yenyewe, ambayo kuanzia mwaka 1955 ilijulikana kwamba kwa kipimo kikubwa hushusha kolesteroli, ilipewa nafasi kubwa zaidi ya kujitetea. Utafiti ulioitwa HPS2-THRIVE uliwahusisha watu zaidi ya 25,000 wenye magonjwa ya mishipa, Ulaya na Uchina, wakiwa tayari wanatumia dawa za kushusha kolesteroli. Waliongezewa niasini ya kutoka polepole pamoja na dawa ya kupunguza lile joto la ngozi. Mashambulizi ya moyo na viharusi havikupungua kwa kiwango cha maana. Kilichoongezeka ni ugonjwa wa sukari, kuvuja damu tumboni na maambukizi. Mapema mwaka 2013 dawa hiyo ya mchanganyiko ikaondolewa katika soko la Ulaya. Wenzetu waliokuwa na kila kipimo na kila daktari waliitazama dawa hii na kurudi nyuma. Sisi tunaimeza bila hata kupimwa presha.

Sisemi kwamba haina kazi kabisa. Yupo mgonjwa wa Raynaud ambaye daktari anaweza kumwandikia inositoli nikotineti wakati wa baridi na akapata nafuu. Ninalosema ni kwamba mgonjwa huyo ni lazima kwanza ajulikane kuwa ni yeye.

Ini la Makueni limeshaona mengi

Kati ya viungo vyote ambavyo niasini nyingi inaweza kuviumiza, ini ndilo linalonitia hofu zaidi, na sababu yangu ni ya hapa hapa nyumbani. Mwaka 2004 watu wa Makueni, Kitui na maeneo ya jirani walikula mahindi yaliyokuwa na sumu ya kuvu, aflatoksini. Waliougua walihesabiwa 317, na 125 kati yao wakafa. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakajaa maji, na nyumba nyingine zilizika zaidi ya mtu mmoja. Makueni na Kitui ndizo zilizoumizwa kuliko kwingine. Tangu mwaka huo kila mvua inayochelewa kukatika wakati wa mavuno huturudishia hofu ile, kwa sababu mahindi yasiyokauka vizuri bado yapo ghalani.

Aflatoksini hushambulia ini. Niasini kwa gramu hupitia ini, na aina zinazotoka polepole ndizo zimejulikana zaidi kwa kuliumiza. Hii ndiyo hila ya vidonge vinavyosifiwa kwamba havichomi ngozi: mtu huviona ni laini, akaongeza kipimo, kumbe ini ndilo linalobeba mzigo. Ongeza hapo kaluvu, pombe ya kienyeji, ya mwisho wa wiki, au homa ya ini ambayo mtu hajui kuwa anayo, na dawa za maumivu zinazomezwa kiholela. Mtu anayeishi mahali penye historia kama yetu ana haki ya kupimwa ini kabla ya kuanza dawa ya namna hii na baada ya kuianza. Akiona macho ya manjano, mkojo wa kahawia, kichefuchefu kisichoisha au maumivu chini ya mbavu za kulia, aache na aende hospitali siku hiyo hiyo.

Ini si peke yake. Niasini nyingi hupandisha sukari ya damu, na miguu yenye ganzi mara nyingi ni ya mtu mwenye sukari. Fikiria mkasa huo: dawa iliyonunuliwa kwa ajili ya miguu inauchochea ugonjwa uleule unaoiua miguu. Hupandisha pia asidi ya yuriki, na mwenye gauti akaamka usiku kidole gumba kikiwaka. Huamsha vidonda vya tumbo. Ikitumiwa pamoja na dawa za kushusha kolesteroli za jamii ya statini inaweza kuiumiza misuli. Ikikutana na dawa za presha huteremsha presha kupita kiasi, na mzee akiinuka ghafla kutoka kitandani anaona giza na kuanguka. Nyonga ikivunjika katika nyumba iliyo mwisho wa njia ya miguu, ni vijana wangapi wanahitajika kumbeba hadi barabarani?

Inositoli nikotineti haifai kabisa kwa aliyepata shambulio la moyo karibuni wala kwa aliye katika siku za mwanzo za kiharusi. Nalisisitiza hili kwa sababu najua kinachotokea. Mzee akipooza upande mmoja, jamaa husema ni damu imekwama, na mtu wa kwanza mwenye chupa ya kutembeza damu huileta kwa upendo. Upendo huo unaweza kumzidishia.

Mguu unasema nini?

Dalili ya mvua ni mawingu, na mguu hauko kimya. Shida ni kwamba maneno "miguu imekufa ganzi" yanabeba magonjwa mengi tofauti, na kila ugonjwa una njia yake.

Ukipanda mteremko kutoka mtoni na shavu la mguu likauma, ukisimama dakika chache maumivu yakaisha, ukianza tena yakarudi baada ya umbali ule ule, hiyo ni ishara ya mishipa mikubwa kuziba. Milima ya Mbooni ni kipimo kizuri kuliko mashine nyingi, maana mtu wa tambarare angeweza kukaa na ugonjwa huo miaka bila kuujua. Huyu anahitaji kuacha tumbaku, kupimwa presha na sukari, na pengine kupewa dawa za kuzuia damu kuganda na za kolesteroli kwa uamuzi wa daktari. Na tiba yenye ushahidi mzuri kuliko vidonge vingi vya kupanua mishipa ni kutembea: mpaka maumivu yatokee, kupumzika, kuendelea tena, nusu saa au zaidi, angalau mara tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu. Haigharimu hata shilingi moja, na labda ndiyo maana haina wa kuitangaza.

Wazee wengi watakuambia hawavuti sigara, na ni kweli. Wananusa ugoro. Nikotini ya ugoro huibana mishipa ile ile ambayo mzee anataka kuifungua. Kumeza kidonge cha kupanua mishipa asubuhi na kunusa ugoro mchana kutwa ni kujenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine, lakini nani kaunta humwuliza mzee kuhusu ugoro?

Ikiwa ni miguu yote miwili, ganzi imeanzia vidoleni na kupanda kama soksi, na usiku nyayo zinawaka moto, shaka ya kwanza iwe sukari. Hapo neva ndizo zimeumia; damu huenda inafika vizuri tu. Na kama mtu ameshakuwa kwenye metformini kwa miaka, dawa hiyo yenyewe inaweza kuwa imempunguzia vitamini B12, jambo ambalo pia huleta ganzi. Huyo kweli anahitaji vitamini, ila ni B12 na si B3, na ni kwa sababu inayojulikana. Kumbe hata pale vitamini inapokuwa jibu, ni uchunguzi unaotuambia ni ipi.

Vidonge na sindano za mchanganyiko wa B1, B6 na B12, ambazo Kenya nzima huchomwa na kumezwa kwa kila aina ya ganzi, nazo zina miiko yake. Mtu mzima anahitaji chini ya miligramu 2 za vitamini B6 kwa siku. Vidonge vingi vya namna hii vina miligramu 100 au zaidi. B6 ikizidi kwa muda mrefu huziumiza neva na kuleta ganzi ya mikono na miguu. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliteremsha kiwango cha juu cha kila siku hadi miligramu 12 kwa mtu mzima. Mtu anaweza kuanza kumeza kwa ganzi ndogo, akaongeza kwa sababu ganzi imezidi, asijue kwamba sasa kidonge ndicho kinachoileta.

Kisha kuna hali zisizongoja siku ya soko. Mguu mmoja ukiuma ghafla, ukawa baridi na kufifia rangi, ukashindwa kusogea, mshipa umezibwa na zinabaki saa chache tu za kuuokoa. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, hasa baada ya kuzaa, upasuaji au kulala kitandani muda mrefu, huenda damu imeganda ndani. Kidonda kisichopona, au kidole kinachogeuka cheusi, ni cha hospitali leo. Mficha maradhi, kilio kitamuumbua.

Nimemtazama muuguzi wa kliniki ya sukari akifanya kazi hii, na sijui kwa nini tuliwahi kuiona ndogo. Alipiga magoti sakafuni. Akamvua mzee akala moja moja, akatenganisha kila kidole na kuangalia kati yake. Akaweka vidole viwili mgongoni mwa mguu kutafuta mpigo wa damu, kisha nyuma ya kifundo, macho yakiwa kwenye saa ya ukutani. Akachukua uzi mfupi wa nailoni, akamwambia mzee afumbe macho, akamgusa hapa na pale: "Umesikia?" Mzee alinyamaza mara kadhaa pale alipopaswa kujibu. Kwenye wayo, mahali ambapo msumari wa akala ulikuwa umechomoza, palikuwa na kidonda ambacho mwenyewe hakuwa na habari nacho. Ni dakika chache, magoti ya mtu mmoja na uzi wa nailoni. Hakuna kidonge kingekiona kidonda kile.

Na msimu wa baridi unapokuja, neno moja kwa walio na ganzi: usiote miguu kwenye mafiga. Mguu usiosikia haujui moto ni mkali. Vaa soksi safi zisizobana, ukague miguu kila jioni kwenye mwanga, ukague na akala kabla ya kuvaa.

Nani anayelipa

Nyumba ya kawaida ya Mbooni haivunjwi na bei ya kidonge. Inavunjwa na kile ambacho kidonge kimekichelewesha. Miezi sita ya kumeza bila kupimwa ni miezi sita ya sukari kupanda na kidonda kuzama. Siku mguu unapokatwa, mbuzi wameshauzwa, karo ya mjukuu imeshaingia kwenye gari la kukodi la kwenda mji wa Wote, na mama aliyekuwa akichota maji sasa anachotewa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huku kwetu ukuta huo hujengwa na harambee.

Inaniuma zaidi kwa sababu njia ya kupima ipo karibu kuliko watu wanavyodhani. Makueni ndiyo kaunti iliyoanzisha MakueniCare mwaka 2016, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, ambapo familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti. Iliionyesha nchi nzima mfano. Tangu Oktoba 2024 tuko chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na malalamiko juu yake yana haki yake. Lakini wahudumu wa afya ya jamii takriban 100,000 waliozinduliwa rasmi kote nchini Septemba 2023 walipewa mikoba yenye mashine za kupima presha na sukari. Wanaishi vijijini mwetu na majina yao tunayajua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne Kenya ana presha ya juu. Kabla susu hajateremka Kikima kununua kitu cha kutembeza damu, mhudumu wa kijiji anaweza kumpima presha na sukari mlangoni pake.

Wanaouza nao wana wajibu. Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, iko wazi kwamba dawa huuzwa na aliyesajiliwa, mahali palipopewa leseni. Leseni hiyo hutundikwa ukutani; mnunuzi ana haki ya kuitazama na kumwuliza anayemhudumia kama ndiye mwenye jina. Anayepanda basi kule Nairobi akiwa na mfuko wa vidonge vya "mishipa, presha, nguvu na macho" kwa pamoja hana ukuta wa kutundika chochote. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na redio zetu za lugha ya nyumbani, ambazo wazee huziamini kuliko barua ya daktari, zijiulize kabla ya kusoma tangazo la tiba inayofungua mishipa yote kwa siku saba.

Naomba mambo machache, na nayaomba kwa jirani zangu wenye kemisti kwa sababu nawaheshimu na najua wao ndio daktari wa kwanza wa kijiji, tutake tusitake. Anayeomba dawa ya kutembeza damu aulizwe kuhusu sukari, presha, vidonda vya tumbo, ini, kiharusi na dawa anazotumia. Aonyeshe mguu. Jina la dawa na miligramu zake ziandikwe kwenye bahasha, si idadi ya kumeza pekee. Akiwa na kidonda, au shida iko mguu mmoja, asiuziwe, atumwe hospitali. Kaunti nayo ihakikishe kila zahanati ina uzi wa nailoni na mtu aliyefunzwa kuutumia.

Na ikiwa daktari amekwisha kukuandikia niasini au inositoli nikotineti, imeze kama alivyosema, baada ya kula, bila chai ya moto wala pombe karibu nayo, na uinuke polepole. Usihamie aina ya kutoka polepole ukidhani ni ile ile, maana kipimo cha moja si kipimo cha nyingine. Mweleze kama una mimba au unanyonyesha. Rudi upimwe ini na sukari tarehe uliyopewa. Kama ulianza mwenyewe, au mtoto alikuletea chupa kutoka ng'ambo, ibebe hiyo chupa pamoja na dawa zako zote katika mfuko mmoja uende nazo kliniki, uziweke mezani, kisha uvue soksi.